Fidia ya Aliyeumia Kazini na Haki ya Kuupinga Uamuzi

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama waliokusanyika tawini baada ya sala ya alasiri. Inachapishwa kwa ombi la waliokuwapo, ili wasiokuwapo nao wapate kuisoma.)



Nimeombwa niseme juu ya jambo ambalo halikuzoeleka katika mikutano yetu. Tumezoea hapa kusikia khabari za kura, za karafuu na bei yake, na za waheshimiwa waliotuahidi kisha wakasahau. Hayo yana siku yake. Leo nitasema juu ya barua. Nakusudia barua ile inayovuka bahari kutoka Mombasa, ikaingia kijijini mkononi mwa msafiri au ndani ya simu ya mtoto wa jirani, ikimwambia kijana aliyekatika vidole, au mama aliyefiwa na mume, kwamba madai yake ya fidia yameangaliwa, na kwamba amekadiriwa kiasi fulani, au kwamba hana haki ya kitu chochote.

Barua hiyo wengi wetu huipokea kama tunavyopokea kudra. Husomwa mara moja, hukunjwa, huwekwa chini ya mto au huchomekwa katika pao la nyumba, na jamaa husema: basi, Serikali imekwisha kusema. Nami nimesimama hapa kueleza kwamba Serikali haijesha kusema. Sheria iliyompa yule afisa uwezo wa kuiandika barua hiyo, hiyo hiyo imempa mwenye kuumia uwezo wa kuipinga, na ikamwekea siku za kufanya hivyo. Siku zenyewe ni chache, na hizo ndizo zilizonileta mbele yenu.

Watu wa Pemba wamekuwa wakivuka kwenda Mombasa, Kwale, Kilifi na Lamu tangu kabla ya mipaka hii ya leo kuchorwa. Wengine walibakia huko wakazaa na kujukuu pasipo kuhesabiwa na dola yoyote, hata mwaka 2023 Serikali ya Kenya ilipowatambua rasmi Wapemba wapatao 7,000 na kuanza kuwapa vitambulisho. Nalo ni jambo jema, na aliyelitenda tumshukuru, hata kama lilikawia. Lakini zaidi ya hao wako wale wanaokwenda na kurudi: wavuvi, waashi, wachukuzi wa maghala, wapasuaji wa mawe ya matumbawe katika matimbo ya mwambao. Sitapoteza wakati kuuliza kwa nini kijana wa kisiwa chenye karafuu aende kupasua mawe ya watu. Wenye wajibu wa kulijibu swali hilo hawamo chumbani humu.

Nianze na asili ya jambo. Zamani, mfanyakazi aliyevunjika mguu kazini alikuwa hana budi kwenda mahkamani na kuthibitisha kwamba tajiri wake alifanya kosa. Maskini wa aina hiyo aghlabu hakuwa na wakili, wala mashahidi wake hawakuthubutu kusema mbele ya mtu aliyeshika riziki zao. Ujerumani mwaka 1884, na Uingereza mwaka 1897, zikatunga sheria za namna nyingine: mfanyakazi akiumia kwa ajali iliyotokana na kazi yake, atalipwa, bila ya kuulizwa ni nani mwenye kosa. Kwa upande wake, atalipwa kiasi kilichowekwa na sheria, si kile ambacho angeweza kukipata kwa hukumu ya hakimu. Hayo ni mapatano. Kila upande umeacha kitu ili upate kitu. Waingereza wakayapeleka mapatano hayo katika nchi walizozitawala, na ndiyo asili ya sheria hizi zote za mwambao wetu.

Kenya inafuata Sheria ya Mafao ya Majeraha ya Kazini ya mwaka 2007, iliyoanza kutumika mwaka 2008. Kwa sheria hii kila mwajiri anatakiwa awe na bima kwa ajili ya watu wake. Ajali ikitokea, mwajiri anapaswa kuiarifu ofisi ya Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini ndani ya siku 7 tangu alipopata khabari zake. Naye aliyeumia, au warithi wa aliyekufa, wana miezi 12 ya kuwasilisha madai. Mkurugenzi ndiye anayepima na kukadiria, kisha humdai mwajiri au kampuni ya bima, nao wanatakiwa walipe ndani ya siku 90.

Namna ya kukadiria ni hii. Kwa ulemavu wa kudumu hesabu husimama juu ya mapato ya miezi 96, yaani miaka 8. Aliyepoteza uwezo wake wote hupata miezi 96 yote. Aliyepoteza sehemu hupata sehemu, kwa kadiri ya asilimia ambayo daktari ameiandika kwa kufuata jedwali lililomo katika sheria. Chukueni mfano wa mtu aliyekuwa akipata shilingi 15,000 za Kenya kwa mwezi. Mara 96 ni shilingi 1,440,000. Akiandikiwa ulemavu wa asilimia 20, atapata 288,000. Akiandikiwa asilimia 40, atapata 576,000. Basi tazameni, ndugu zangu: tofauti ya hayo mafungu mawili ni tarakimu moja iliyoandikwa na kalamu ya daktari mmoja, pengine katika asubuhi yenye wagonjwa arubaini mlangoni. Sisemi kwamba madaktari ni wabaya. Nasema kwamba tarakimu ile inaweza kuulizwa.

Watu wengi watasema: kwa nini nisiende moja kwa moja mahkamani? Hapa pana khadaa iliyowatesa wengi, nami nitakaa kidogo juu yake. Sheria ya 2007 ilisema katika kifungu cha 16 kwamba mfanyakazi hawezi kumshitaki mwajiri wake kwa ajali ya kazini ila kwa njia ya sheria hiyo yenyewe. Chama cha mawakili wa Kenya kikaipinga. Mwaka 2009 Mahkama Kuu ikakubaliana nao katika vifungu kadhaa, ikavitangua. Mwaka 2017 Mahkama ya Rufani ikavirejesha sehemu kubwa ya vile vilivyotanguliwa. Mwezi wa Disemba mwaka 2019 Mahkama ya Juu ikafunga mjadala: sheria ni halali, na njia ya kwanza ni kwa Mkurugenzi. Katika miaka hiyo 10 ya mvutano, wakili mmoja alimwambia mtu nenda mahkamani, mwingine akamwambia nenda ofisini, na majeruhi akawa kama mpira kati ya timu mbili. Leo hakuna tena shaka. Anayeruka ofisi ya Mkurugenzi na kwenda mahkamani na madai mapya, kesi yake hufutwa, na siku zake zikawa zimekwenda bure. Akikutokea mtu leo, barazani au bandarini, akakwambia kwamba yeye ana njia fupi, mwulize kwanza kama amesikia khabari ya hukumu ya 2019.

Sasa tuje kwenye upinzani wa uamuzi wenyewe. Vifungu ni viwili, cha 51 na cha 52, na havina maneno mengi. Mtu yeyote aliyedhulumika kwa uamuzi wa Mkurugenzi anaweza, ndani ya siku 60 tangu uamuzi huo, kupeleka pingamizi kwa Mkurugenzi mwenyewe. Pingamizi iwe kwa maandishi, katika fomu iliyowekwa, pamoja na maelezo mafupi ya mambo yalivyokuwa na ya nafuu anayoitaka. Mkurugenzi naye anapaswa kujibu kwa maandishi ndani ya siku 14, akiubadilisha uamuzi wake au akiuthibitisha, na katika hali zote mbili atoe sababu. Asiyeridhika na jibu hilo ana siku 30 tangu lilipomfikia kukata rufaa katika mahkama ya kazi, ambayo leo huitwa Mahkama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi.

Naomba msikilize tofauti iliyomo ndani ya maneno hayo, kwani ndimo watu wetu wanamozama. Zile siku 30 za mwisho huhesabiwa tangu jibu lilipokufikia. Zile siku 60 za mwanzo huhesabiwa tangu uamuzi ulipotolewa. Sheria haikusema tangu barua ilipofika Wete, wala tangu mtoto alipotoka skuli akaisoma. Barua iliyoandikwa tarehe 3 Machi, siku yake ya sitini ni tarehe 2 Mei. Ikiwa imelala kwa rafiki Mombasa, ikangojea mwenye jahazi, ikafika kijijini tarehe 10 Aprili, siku 38 zimekwisha kuliwa, na zimebaki 22. Basi hesabuni kwa tarehe iliyoandikwa juu ya karatasi. Na bahasha msiitupe, wala ujumbe wa simu msiufute, kwa sababu kama itakuja kugombaniwa siku ipi mlipata khabari, hivyo ndivyo vitakavyokusemeeni.

Yuko kijana mmoja wa upande wa kaskazini, jina lake nalihifadhi, aliyekatwa na mashine ya kuchongea mawe. Vidole vya mkono wa kulia vilikwenda. Makadirio yalipokuja yalikuwa madogo mno, na sababu yake, walipokuja kuchungua, ni kwamba mshahara ulioandikwa haukuwa mshahara wake. Tajiri alipeleka kiwango cha kibarua wa siku chache, ilhali kijana alikuwa ameitumikia timbo hiyo miaka 3 mfululizo na akilala pale pale. Uthibitisho alikuwa nao: malipo yake yote yalipitia simu, kila Jumamosi, jina na tarehe. Ushahidi wa kutosha kumvua nguo tajiri huyo mbele ya ofisi yoyote. Lakini barua ilikaa ndani ya msahafu wa mama yake miezi 5. Mama aliiweka humo kwa heshima, kwani ilikuwa na mhuri. Alipokuja kututafuta, siku zilikuwa zimekwisha zamani.

Mshahara, basi, ndilo jambo la kwanza la kukaguliwa katika barua yoyote ya makadirio. Sheria haihesabu fedha za mkononi peke yake. Chakula na malazi anayotoa mwajiri yana thamani inayoingizwa, na malipo ya saa za ziada yakiwa ni ya kawaida huingizwa pia. Aliyekuwa akilishwa na kulazwa timboni, ikiwa barua imetaja ujira mtupu, ana neno la kusema.

Jibu jingine linalotumwa mara nyingi ni hili: huyu hakuwa mtu wetu. Tajiri husema hakumwajiri yeye, alimwajiri nyapara, na nyapara alileta watu wake. Au husema alikuwa akifanya kwa kipande, si kwa mshahara. Sheria hutazama kama palikuwa na mkataba wa utumishi kwa ujira, na mkataba si lazima uwe karatasi yenye sahihi mbili. Ni nani aliyekupangia saa za kuingia na kutoka? Vifaa vya nani? Ni nani aliyeweza kukufukuza? Kadi ya kupitia getini, picha ukiwa na vazi la kazi, ujumbe wa malipo, maneno ya wenzako wawili waliokuwa pamoja nawe, yote hayo yaandikwe na yaambatishwe. Kwa wavuvi jambo ni zito zaidi, nami sitaki kuwatia matumaini ya uongo. Mvuvi anayegawana mapato na mwenye chombo kwa mafungu, kila mtu na fungu lake, atapata taabu kuonyesha kwamba yeye ni mwajiriwa. Anayelipwa kiasi maalumu kwa mwezi au kwa safari, apate samaki au asipate, njia yake ni nyepesi zaidi. Inafaa baharia ajijue yuko upande gani kabla ya kupanda chomboni.

Na liko jibu la tatu, linalowanyamazisha watu kwa haya: ajali ilikuwa kwa makosa yako mwenyewe. Kwa nini uliweka mkono pale? Nimekwisha kusema kwamba asili ya sheria hizi ni kuacha kuulizana kosa ni la nani. Sheria ya Kenya humnyima fidia yule tu aliyejiumiza kwa utovu wa makusudi na wa kukusudiwa, na hata huyo hanyimwi ikiwa ameachwa na ulemavu mkubwa au amekufa. Uzembe wa mtu aliyechoka saa ya kumi na moja ya kazi si makusudi. Mtu asikubali kunyamazishwa kwa neno hilo.

Niwageukie mama zangu. Mume akifa kazini, fidia hukadiriwa kwa ajili ya wale waliokuwa wakimtegemea. Hii si mirathi, na haigawanywi kwa faraidhi. Ni haki ya wategemezi kwa sheria ile, na Mkurugenzi ndiye anayeigawa. Sasa, tunajuana. Mtu wetu mmoja ana mke hapa na ana mke Mombasa. Aliye Mombasa yuko karibu na ofisi, na aliye Pemba hupata khabari baada ya fedha kwisha kugawiwa. Mke wa Pemba ambaye jina lake halikuwekwa ni mtu aliyedhulumika kwa uamuzi, na pingamizi ni haki yake kama ya mwingine yeyote. Apeleke hati ya ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, na uthibitisho wowote wa fedha alizokuwa akiletewa. Kwa ajili hiyo nawaomba walio na ndoa zisizoandikishwa waziandikishe wakati mume yuko hai. Nawaomba vile vile wake wenza wasigombane mbele ya afisa. Kila mmoja adai lake, wala asikane la mwenzake.

Asiwatishe mtu kwa kuwaambia kwamba nyinyi ni wageni na mnaishi nchi nyingine. Mwaka 1925 Shirika la Kazi la Kimataifa liliweka mkataba, wa 19 kwa hesabu yake, kwamba mfanyakazi mgeni aliyeumia, pamoja na wategemezi wake, watendewe sawa na wenyeji katika fidia, pasipo sharti la mahali wanapokaa. Kenya na Tanzania zote mbili zimo katika mkataba huo. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika mwaka 2010, nayo imesisitiza haki za mfanyakazi anayevuka mpaka. Tena katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika ibara ya 47, inampa mtu aliyeathiriwa na uamuzi wa afisa haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Barua isiyo na sababu idaiwe sababu, na dai hilo liandikwe mara moja, pasipo kusimamisha hesabu ya zile siku 60.

Hatari kubwa kuliko zote haimo katika barua. Imo katika karatasi nyingine, inayoletwa na mjumbe wa tajiri mwenye maneno matamu na fedha mkononi: tia sahihi hapa kwamba umeridhika na huna dai jingine. Anayelala kitandani bila ya chakula hutia sahihi. Simlaumu. Lakini ndugu zake walioko karibu naye wana wajibu wa kumzuia mpaka karatasi ile imesomwa na mtu anayeielewa.

Neno juu ya sheria za kwetu. Zanzibar ina Sheria yake ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 1986. Bara ina sheria yake ya mwaka 2008 na Mfuko wake wa Fidia ulioanza kazi mwaka 2015. Siku 60 nilizozitaja ni za Kenya. Aliyeumia Tanga au Dar es Salaam, au hapa hapa bandarini kwetu, asizichukue siku za Mombasa akazifanya zake, bali aje aulize mapema. Wachukuzi wa bandari ya Unguja waligoma mwaka 1948 na mji mzima ukasimama pamoja nao, na madai ya watu wa kazi hayakuanza jana katika visiwa hivi. Mpaka leo mfanyakazi wetu anaambiwa haki yake kwa lugha ya mawakili. Tumewaandikia wawakilishi wetu waidai Serikali ichapishe sheria ya 1986 na marekebisho yake kwa Kiswahili chepesi, na tutawauliza wamejibiwa nini. Vile vile tumewaomba waulize kwa nini ubalozi mdogo wa Tanzania ulioko Mombasa usiwe na karani mmoja wa kuwapokea majeruhi na wajane. Kiswahili ni lugha rasmi ya Kenya kwa katiba yake. Hapana aibu kuandika pingamizi kwa lugha hiyo, ikiandikwa vizuri.

Na pingamizi nzuri ni fupi. Jina, namba ya madai, tarehe ya ajali, tarehe ya uamuzi. Kisha: napinga makadirio kwa sababu mshahara uliotumika si wangu, na huu hapa ushahidi, naomba yakadiriwe upya kwa mshahara huu. Kama kinachopingwa ni asilimia, iambatishwe ripoti ya daktari wa pili pamoja na picha za eksirei. Msiandike historia ya maisha, wala msimtukane afisa, kwani ndiye huyo huyo atakayesoma. Nakala ya kila karatasi ibaki nyumbani, na anayepeleka asiondoke ofisini bila ya mhuri wa kupokelewa wenye tarehe.

Kutokea juma lijalo, katibu wa tawi atakaa hapa kila Jumatatu na Alkhamisi baada ya alasiri pamoja na vijana wawili wenye kusoma Kiingereza. Mwenye barua aje nayo pamoja na bahasha yake, awe mwanachama au asiwe, hatutauliza kadi. Hatutatoza kitu, ila nauli ya kuipeleka fomu Mombasa itachangwa hapa hapa. Mwenye jamaa aliyeumia na ambaye hajapata barua hata moja, naye aje, kwani yawezekana mwajiri hakuarifu kabisa, na ile miezi 12 ya kudai inakwenda. Kitabu cha kuandikisha majina kiko juu ya meza, na wanaotaka kuanza leo wamwone katibu kabla ya magharibi.